Kinyaa na Mgonjwa Aliyezidi

Mjukuu wangu tulimwita Kinyaa kabla hajaota jino la pili. Mama yake akitoka jikoni kumnyonyesha, mtoto analinusa titi kwanza, kisha anageuza uso kama bwana afya aliyeona panya sokoni. Alipokuwa na miaka minne, inzi alitua kwenye kikombe chake cha maziwa. Maziwa hakunywa, kikombe hakukigusa tena, na wiki nzima hakuketi kwenye kile kiti alichokuwa amekalia inzi alipotua. Babu yake akipiga chafya sebuleni, yeye ananawa uani. Mimi nilimwita mke mwenzangu, kwa sababu mzee wangu alishatangaza tangu siku ya kwanza kwamba huyo ndiye mke wake mdogo.

"Mke mwenzangu," nilikuwa namwambia, "kwa kinyaa hicho utakufa njaa nyumbani kwa mumeo."

"Afadhali njaa, Bibi. Mume mwenyewe anapenga kamasi kwa kidole."

Basi siku aliyotuambia kwamba anakwenda kusomea uuguzi, tulicheka mpaka meno ya bandia ya mzee yakadondoka ndani ya bakuli la mchuzi. Kinyaa akanyanyuka mezani palepale.

Nikamfuata uani. "Wewe? Wewe utashika choo cha mtu?"

"Nitashika, Bibi."

"Kwa mkono wako huuhuu?"

"Nitavaa glavu."

"Na matapishi je?"

Akameza mate. "Hayo tutaona."

Aliyaona. Mwaka wa kwanza alikonda hadi sare yake ikawa inatangulia kuingia mlangoni, yeye anafuata baadaye. Alikuwa akirudi anajisugua kwa sabuni mpaka vidole vikauke kama maganda. Mimi na babu yake tulishawekeana dau atarudi nyumbani mwezi gani. Hakurudi. Siku moja, alinisimulia mwenyewe, alipewa bibi mmoja wa kumwogesha. Bibi wa watu alikuwa amelala siku mbili juu ya uchafu wake, mgongo umechunika. Kinyaa akageuza uso ili asitapike, na alipogeuza akawaona wauguzi watatu kwenye dawati, hatua sita kutoka kitandani, wanakunywa chai na maandazi. Wanatafuna, wanacheka, makombo yanawadondoka kifuani. Basi kinyaa chake kikahama. Kilitoka kwa yule bibi kikaenda kukaa kwa wale waliokuwa wanatafuna, na mpaka leo hakijarudi kilikotoka.

Tangu hapo Kinyaa anashika kila kitu. Usaha, damu, haja kubwa na ndogo, anashika kama mimi ninavyoshika unga. Lakini muuguzi mwenzake akipita mbele ya mgonjwa kama vile anapita mbele ya ukuta, Kinyaa anapata kichefuchefu cha kweli, wallahi, mpaka anajishika tumbo.

Alipangiwa mapokezi ya dharura, na huko amekaa miaka minane. Mimi nimefika pale. Chumba kirefu, sakafu ya saruji iliyopasuka, na katika kila ufa kuna kitu cheusi ambacho sitaki kujua kilitoka kwa nani. Mabenchi mawili ya mbao yanatazamana, yameng'arishwa na makalio ya watu wanaosubiri. Kuna ndoo moja ya kutapikia kwa watu arobaini. Ukiikaribia unatapika hata kama hukuja kwa hilo, na nadhani ndiyo kazi yake. Inzi wa pale ni wanene, hawaruki, wanatembea. Harufu nayo inakupokea getini, inakusindikiza hadi ndani, inakuonyesha pa kukaa. Ndiyo iliyonipokea mimi, maana hakuna mwingine aliyesimama.

Juu ya hayo yote anakaa Metroni, muuguzi mkuu, ambaye watu wote wanamwita Pasi. Sare yake imenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Inzi mmoja alitua kwenye mkono wa gauni lake akaanguka chini vipande viwili, niliona kwa macho yangu. Ofisi yake inanukia maua aliyoyapanda nje ya dirisha lake. Mlango wake unafungwa vizuri, ili harufu ya kwake isitoke na ya kwetu isiingie.

Ukutani pale mapokezi Pasi alibandika karatasi kubwa yenye herufi nyekundu. Kinyaa alinisomea, na kila neno alilitema kama mbegu ya ndimu: KILA MGONJWA HUONWA NDANI YA DAKIKA TANO.

"Uongo mtupu," nikasema. "Mimi na goti langu tulikaa pale toka chai mpaka chakula cha mchana."

"Si uongo, Bibi, na hapo ndipo ninapotaka kutapika. Ulionwa kweli. Muuguzi wa zamu anasimama kaunta, anainua shingo, anatazama benchi mara moja toka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayehesabu kuku, kisha anaandika kwenye daftari, safu ya Saa ya Kuonwa: saa nne na dakika tano. Wote, mstari mmoja. Halafu anakaa."

"Kwa hiyo kuona ni kuona tu?"

"Kwa macho. Mgonjwa anavuja damu pale, ameonwa. Mwingine anazimia chini ya benchi, ameonwa huyo. Wageni wakija wanafunguliwa daftari, wanasoma, wanapiga makofi."

Hapo ndipo alipopata utafiti wake. Kinyaa alikuwa anasoma shahada ya uuguzi, mwaka wa tatu huo, anasoma siku asizokuwa na zamu na hata siku za zamu akiwa anakula. Ili amalize, ilimpasa afanye utafiti wa jinsi wagonjwa wa dharura wanavyohudumiwa. Wenzake walichagua mambo mepesi, kuuliza watu kama wameridhika. Yeye akachora karatasi yake mwenyewe. Saa mgonjwa alipoingia. Halafu safu ya pili, na humo hakuandika kuonwa. Aliandika Saa ya Kuguswa.

"Mkono wa muuguzi au wa daktari ukigusa mwili wa mgonjwa," aliniambia, "paji la uso, kiganja, kidonda, popote, hapo ndipo ninaandika saa. Macho siyahesabu."

Msimamizi wake wa chuo, mwalimu mmoja mpole anayeongea kana kwamba kila neno analitoa kabatini, alikubali. Kwa wiki mbili Kinyaa asifanye zamu, asimame tu na karatasi, aandike wote. Lakini kulikuwa na sharti. Mwisho wa wiki mbili hesabu ya wagonjwa wake ilingane na ya daftari la mapokezi, na Pasi aweke sahihi kwamba hakuna aliyeachwa wala kuongezwa. Bila sahihi hiyo chuo hakipokei, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi dirisha la kupokea tafiti linafungwa. Miaka mitatu yote ilikuwa imening'inia kwenye kalamu ya Pasi.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Jioni moja Kinyaa alikuwa ameketi kwetu, ananisimulia ya siku hiyo, nami nikasema kwa utani, "Watu wa namna hiyo hata koti lingewekwa benchini wangeandika limeonwa." Akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka wiki ile, akaenda zake. Lakini mimi neno likaning'ang'ania. Nikatazama msumarini, koti la mzee wangu linaning'inia, koti zito la enzi zake za ulinzi. Nikatazama mto mbovu wa pamba. Nikatazama cherehani.

Siku ya tatu mgonjwa wangu alikuwa amekamilika. Suruali imejazwa vitambaa, buti miguuni, mikononi soksi zilizojazwa pamba, shali shingoni, kofia ya sufu imevutwa mpaka mahali ambapo pangekuwa na pua. Kusema kweli alikaa vizuri kuliko mwenye koti. Nilimtia ndani ya gunia, asubuhi nikashuka naye karibu na geti la hospitali, nikamtoa nyuma ya ukuta, nikamwomba mlinzi kiti cha magurudumu.

Mlinzi mwema alisukuma mwenyewe. "Mama, mzee mwepesi huyu!"

"Amekonda, mwanangu."

"Pole sana."

Huyo tu ndiye aliyenipa pole siku hiyo, na hakuwa na sare nyeupe.

Dirishani karani hakuinua kichwa. Kidole kimoja kilikuwa sikioni kinachimba, mkono mwingine unaandika. Alichokipata sikioni alikitazama, kisha akakifuta kwenye ukingo wa daftari. Daftari la wagonjwa! Nilijikaza.

"Jina?"

"Mzee Pamba."

"Umri?"

"Wa nje miaka thelathini, wa ndani siku tatu."

"Naandika sabini. Anaumwa nini?"

"Hasemi, hali, hanywi."

"Tangu lini?"

"Tangu nimshone."

"Kaeni benchi."

Tukakaa benchi. Nilimweka Mzee Pamba kando yangu, mkono wake juu ya goti. Nikamtafuta Kinyaa kwa macho ili nijifiche, nikamwona kwa mlango wa chumba cha ndani uliokuwa umebaki wazi. Palikuwa na machela, na juu ya machela mwanaume aliyeletwa tangu alfajiri. Alikuwa ameharisha na kutapika, akaachwa humohumo. Kilichokuwa kimeganda kilikuwa kimeganda, na kibichi kilikuwa kinadondoka sakafuni, tone, tone. Wauguzi wawili walipita wamebana pua. Mfagiaji alifika na dekio lake, akatazama, akafagia kuzunguka lile dimbwi kama mtu anayepalilia kando ya mche. Na yule mtu alikuwa macho, tena mzima wa akili. Alikuwa anawatazama wanavyobana pua.

Kinyaa alitazama karatasi yake. Alitazama machela. Akaifungia karatasi kwenye droo, akakunja mikono ya sare, akajaza maji beseni. Dada mmoja akamwambia, "Wewe si mtafiti siku hizi? Andika tu." Kinyaa akachovya kitambaa. Nusu saa nzima alimwosha yule mtu, kidogo kidogo, anaongea naye, na mimi niliyemcheka uani nikainamisha uso.

Na ndani ya nusu saa hiyo, muuguzi wa zamu alifika kaunta. Akainua shingo. Macho yakatoka kulia, yakapita kwangu, yakapita kwa Mzee Pamba, yakaishia kushoto. Akaandika. Kinyaa alikuja kunisomea baadaye kilichoandikwa: Mzee Pamba, mwanaume, miaka sabini, ameonwa saa nne na dakika tano, hali ya kuridhisha, ametulia.

Ametulia! Hilo ndilo pekee la kweli lililoandikwa hospitalini siku ile.

Ningekaa mpaka jioni kuona kama kuna atakayemgusa, ila kushoto kwa Mzee Pamba alikaa mama mmoja mwenye jipu shingoni, mtu wa huruma. Alimtazama jirani yake muda mrefu, akamwekea kiganja mkononi.

"Mwenzangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "mumeo amepoa."

"Amepoa, ndiyo. Jana alikuwa kwenye kamba ya kuanikia."

"Kwenye nini?"

"Ngoja nimpunge upepo kidogo," nikasema, nikamkwapua Mzee Pamba benchini nikatoka naye mbio. Wanasema goti langu halikunjiki. Siku hiyo lilikunjika. Nyuma ya ukuta nikamrudisha guniani, nikaenda nyumbani, nikamfumua, nikalitundika koti msumarini. Nilipanga kumsimulia mke mwenzangu Jumapili, tucheke.

Jumapili hiyo sikumsimulia, wala sikumbuki kama nilisahau au niliogopa. Nadhani niliogopa, kwa sababu alikuja amechoka, anasema aliacha karatasi nusu saa na baadaye alipita benchi zima akiuliza kila mtu alifika saa ngapi, ili asimpoteze yeyote. Wote aliwapata. Nikamwongezea chai.

Wiki mbili zikaisha. Pasi akamwita ofisini, daftari moja mkono huu, karatasi mkono ule. Daftari lilikuwa na wagonjwa mia tatu na kumi na wawili. Kinyaa alikuwa na mia tatu na kumi na mmoja.

"Mmoja yuko wapi?" Pasi akamwuliza.

"Sijui, Metroni. Nitamtafuta."

"Siku aliyoandikwa daftarini nimeambiwa uliacha kazi yako ukaenda kuosha watu."

"Mtu mmoja, Metroni. Alikuwa ameachwa tangu alfajiri."

"Sikuuliza alikuwaje. Unakuja hapa kutupima sisi kama tunawaona wagonjwa, na wewe mwenyewe mgonjwa amekupita puani hukumwona. Utafiti uliopoteza mtu siuwekei sahihi." Akatabasamu, Kinyaa anasema, tabasamu lililonyooshwa kwa pasi kama gauni.

Alikuja kwetu Jumatatu hiyo uso umemshuka. Kilichokuwa kinamla si Pasi. "Bibi, anaweza kuwa kweli," alisema. "Mzee wa miaka sabini, hasemi, hali, hanywi. Mimi niligeuza mgongo, na mtu huyo akatoka hajaguswa. Pengine amefia njiani. Mimi ndiye niliyemwona kwa macho tu, tena hata macho sikumpa."

"Anaitwa nani?" mzee wangu akauliza.

"Mzee Pamba."

"Pamba, Pamba... simjui," akasema mzee, ameketi chini ya koti lake. "Uliza upande wa ghalani."

Aliuliza upande wa ghalani. Aliuliza wodi zote, aliuliza kituo cha polisi, aligonga nyumba za watu wasiomjua. Nami kila siku nasema kesho nitamwambia. Ulimi wangu huu, ambao kwenye hadithi zangu umemfanya mamba asuke nywele na mbuyu ucheze ngoma, ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Jumatano akaja mchana, akasimama uani, hakutaka kuingia ndani. Alikuwa ananukia dawa, ile dawa kali.

"Umetoka wapi?" nikamwuliza.

"Chumba cha maiti. Kuna wazee wanne wasio na ndugu. Nimefungua majokofu yote. Jokofu la mmoja wao lilikatikiwa umeme siku mbili, Bibi. Nimemtazama uso mpaka nikahakikisha hana miaka sabini." Akaanza kunawa. Akanawa, akanawa.

Nikasikia kinyaa, jamani. Nimewahi kumchukia jirani, nimewahi kulichukia goti, lakini sijawahi kujinuka mwenyewe kama siku ile. Mtoto anafungua maiti zilizooza anatafuta mto wangu.

"Mke mwenzangu, zima bomba. Mzee Pamba hajafa."

Akageuka. Uso ulimng'aa, na huo mng'ao ndio ulionimaliza. "Unamjua? Yuko wapi?"

Nikaingia ndani, nikatoka na koti na ule mto, nikaviweka mbele yake. Nikamsimulia yote, mlinzi, karani, jipu la yule mama. Sikutia chumvi hata punje.

Hakucheka. Nilingoja acheke. Alilitazama koti, akanitazama mimi, kisha akatazama vidole vyake.

"Unajua nimefungua majokofu mangapi, Bibi?"

"Nimekwambia samahani."

"Hujasema."

Kweli sikuwa nimesema. Nikasema. Akakaa chini kwenye ngazi.

"Mwambie Pasi ni mimi," nikamwambia. "Mwambie bibi yako ana wazimu, afute huyo mmoja, hesabu zilingane."

"Nikimwambia atasema mtafiti alileta ndugu zake kuchezea hospitali. Wataufuta utafiti wote, wagonjwa mia tatu na kumi na mmoja na kila saa niliyoandika. Nisipomwambia haweki sahihi. Vyovyote vile Ijumaa dirisha linafungwa."

"Sema alikuwa mgonjwa kweli, akatoroka. Nani atajua?"

Hapo alinitazama kwa jicho lile analowatazama wale wa maandazi. "Hata wewe, Bibi?"

Sikulala vizuri. Asubuhi akanijia. "Vaa viatu. Lete gunia."

Ofisini kwa Pasi walikuwa Pasi mwenyewe, mganga mkuu wa hospitali, yule msimamizi mpole na muuguzi wa zamu ile, dada mnene wa kucha ndefu. Kinyaa alisimama akasema yote kwa sentensi nne. Akasema aliyefanya ni bibi yake, yeye hakujua wala hakumtuma, huyu hapa. Nami nikamtoa Mzee Pamba guniani, nilikuwa nimemjaza upya, nikamkalisha kwenye kiti cha wageni.

"Huu ni upuuzi!" Pasi akafoka. "Mwalimu, umesikia kwa masikio yako. Familia yake inaleta vinyago kwenye idara ya dharura, na huyu anataka tumwite mtafiti. Utafiti wote umechafuka."

"Ngoja kidogo," msimamizi akasema, akatoa neno lingine kabatini. "Kinyago hiki kimo kwenye karatasi za mwanafunzi?"

"Hakimo," Kinyaa akasema. "Hakuna aliyekigusa. Mimi naandika waliopo. Kimo kwenye daftari."

Mganga mkuu akavuta daftari, akatafuta mstari, akausoma. Akasimama, akamkaribia Mzee Pamba, akamminya bega kwa kidole gumba. Bega likabonyea, halikurudi.

"Hali ya kuridhisha," akasema. "Nani aliandika hivi?"

Dada wa kucha akasogea. "Mimi, Dokta. Nilimwona."

"Ulimwona vipi?"

"Kwa... nilimwona pale. Ameketi. Ametulia."

"Dada," nikasema, "na mimi uliniandikaje?"

"Wewe hukuandikishwa kama mgonjwa."

"Bahati yangu."

Mganga mkuu alikohoa kwenye ngumi, sijui kama ni kikohozi. Pasi hakukohoa. Alikuwa amekunjamana, mara yangu ya kwanza kuona mkunjo usiotakiwa kwenye mwili ule. Akasema basi, ataweka sahihi ikiwa habari ya kinyago haitaandikwa popote.

"Haina pa kuandikwa," Kinyaa akasema. "Wagonjwa wangu ni mia tatu na kumi na mmoja, wote watu. Wastani wa kuguswa ni saa moja na dakika hamsini. Hilo ndilo nililoandika. Aliyezidi ni wako, Metroni. Mfute wewe kwenye daftari lako, kwa mkono wako."

Pasi akatazama kwa mganga mkuu, hakupata kitu huko. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya Mzee Pamba, akaweka sahihi kwenye karatasi ya Kinyaa kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa. Alhamisi ile, saa sita mchana. Ijumaa karatasi zilikuwa chuoni, na shahada ameipata, ipo, imetiwa kioo. Mimi sikualikwa siku ya kuvaa joho. Mwezi mzima alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo Bibi," bila utani hata chembe, na hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyoniuma kama ile.

Nilidhani yangeishia hapo. Mganga mkuu alipousoma utafiti ule, hospitali ilikubali kwamba maneno yabadilike. Daftari jipya likaletwa lenye safu ya Saa ya Kuguswa, na ukutani karatasi ikabanduliwa ikabandikwa nyingine.

Mwezi wa pili goti lilinivimba kweli, nikaenda, safari hii mwili mtupu bila gunia. Kinyaa alikuwa kwenye zamu, akanisomea ukuta: KILA MGONJWA HUGUSWA NDANI YA DAKIKA TANO. Na kabla sijamwambia hongera, dada wa kucha akatoka kaunta. Akapita mbele ya benchi upesi upesi, kidole kimoja mbele, anamgusa kila mtu begani kwa ncha ya ukucha, tap, tap, tap, kama mtu anayejaribu kama panya amekufa. Kwangu pia, tap. Akarudi kaunta, akajifuta kidole kwenye kitambaa, akaandika wote mstari mmoja, akakaa. Aliyekuwa anavuja aliendelea kuvuja. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, na inzi wanatembea ukingoni.

Nikatema mate, Mungu anisamehe, palepale sakafuni. Hata hayakuonekana.

"Sasa utaandika neno gani, mke mwenzangu?" nikamwuliza.

"Sijui, Bibi."

Alisema hivyo akiwa anavuta glavu. Mtu wa tatu toka kwangu alikuwa ameshikilia kitambaa kwenye paja, kitambaa kilichogeuka rangi ya kijani, na tayari alikuwa ameshaguswa kwa mujibu wa daftari. Kinyaa alichuchumaa mbele yake, akamwuliza kilianza lini, akangoja amjibu mpaka mwisho, kisha akakifungua polepole. Kilikuwa kimeshikana na nyama. Harufu ikatoka kama mtu, ikasimama katikati ya chumba, benchi zima likageuka upande mwingine. Yeye hakugeuza hata pua.

Mimi nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya Metroni.